Majina Kumi na Manne ya Bondeni

Daftari la wakazi wa Bondeni liliharibika siku ileile nyumba ya mwenyekiti ilipoanguka. Lilikuwa bamvua kubwa la mwezi wa tatu, bahari inapojaa kuliko kawaida. Maji yalipanda kutoka mdomo wa Ruvuma, yakavuka kijituta cha zamani, yakapita katikati ya majaruba ya mpunga mpaka kwenye nyumba za udongo. Mustafa, mwenyekiti wa kitongoji, aliwahi kuwatoa wajukuu zake, mbuzi na godoro moja. Daftari alilikuta kesho yake chini ya kifusi, limevimba kama andazi, majina yote yamegeuka doa moja la buluu.

Kwa miezi saba hakuna aliyeliulizia. Mpunga ulioingiwa na chumvi ulikauka kabla haujachanua. Kisima chao kikawa cha kuoshea miguu tu. Ukipikia uji, mgonjwa anautema. Familia moja moja zikaanza kuhama kwenda pembezoni mwa mji, Likombe na Mtawanya, kupanga chumba na kutafuta vibarua. Waliobaki waliishi kwa kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, nayo ming'oko ilikuwa inazidi kupungua, maana kila mtu alikuwa porini na jembe lake.

Conceicao alikuwa mmoja wa waliobaki. Watu walimwita mama Vania, kwa jina la bintiye. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alivuka Ruvuma akiwa mchanga, mgongoni mwa mama yake, wakati wa vita vya ng'ambo, na baba yake ndiye aliyefyeka sehemu ile ya bonde kwa panga la kuazima. Baba alizikwa hapo. Fernando, mumewe, naye alizikwa hapo, hatua chache kutoka kwa mkwewe.

"Mama, tuondoke," Vania alimwambia mara nyingi. "Mjomba Silvio ana chumba Likombe. Tutabanana."

"Tukishabanana tutakula nini?"

"Tutatafuta vibarua kama wengine."

"Mimi nimeshakimbia mara moja," Conceicao alisema. "Ile mara ya kwanza nilibebwa, hakuna aliyeniuliza. Safari hii naulizwa, na sitaki."

Vania alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kubishana. Alichukua jembe akaenda zake porini.

Mwezi wa kumi alikuja Jesca, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, yuko mwaka wa tatu huku kusini, na bado watu walimcheka kidogo kwa lafudhi yake, kama naye alivyowacheka wao. Aliitisha mkutano shuleni na kueleza kwamba kuna mfuko wa miradi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kwamba kijiji chao kimepita mchujo wa kwanza. Kijiji kilikuwa na vitongoji viwili, Bondeni na Mlimani, na kila kimoja kilikuwa kimeandika ombi lake. Bondeni waliomba tuta la kuzuia maji ya bahari, lenye lango la kutolea maji ya mvua, na miche ya mikoko ipandwe mbele yake. Mlimani waliomba kisima kirefu chenye pampu ya sola, karibu na zahanati.

"Fedha zinatosha mradi mmoja," Jesca alisema. "Hatutachagua sisi wa ofisini. Mtachagua wenyewe, kwa kura. Anayepiga ni mkazi mtu mzima aliyeandikwa kwenye daftari la kitongoji chake. Na naomba mnisikie vizuri: kijiji kikiwa na malalamiko yasiyokwisha ndani ya wiki mbili baada ya kura, kinaondolewa, fedha zinakwenda kijiji kinachofuata."

Jioni ile Mustafa alifika kwa Conceicao na daftari jipya la kurasa mia mbili.

"Wewe una mwandiko," alisema. "Na macho yako yanaona. Pita nyumba kwa nyumba. Mimi nitagonga muhuri."

Conceicao alipita siku tatu. Alipomaliza, alikaa kizingitini akahesabu. Watu wazima mia moja kumi na saba. Akarudia kuhesabu, ikaja vilevile. Daftari la Mlimani halikuguswa na maji, na kila mtu alijua lina watu mia moja ishirini na nne. Hakuna wa Mlimani ambaye angeacha maji ya kunywa achague tuta asiloliona, na hakuna wa Bondeni ambaye angefanya kinyume chake. Kura ilikuwa imekwisha kabla haijapigwa, na walikuwa wameshindwa kwa watu saba.

Usingizi haukuja. Asubuhi alimkamata jogoo wake wa mwisho, akamuuza, akapanda bodaboda hadi Likombe.

Silvio, mdogo wake wa mwisho, alikuwa ametoka kubeba magunia. Conceicao alimkuta anaosha uso kwenye ndoo, nyuma ya nyumba ya vyumba sita ambamo yeye na mkewe walikuwa na kimoja.

"Shikamoo, dada. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Silvio, wewe ni mkazi wa wapi?"

"Wa hapa."

"Nyumba yako ya Bondeni umeiuza?"

"Nani wa kuinunua?"

"Basi wewe bado ni mkazi wa Bondeni."

Silvio alicheka. Alipoona dada yake hacheki, akajifuta uso kwa shati. Conceicao akamweleza yote, tuta, kura, watu saba. Alimwambia hataki uongo mkubwa. Aje alale Bondeni siku chache, aandikwe, apige kura, arudi kwenye magunia yake. Tuta likijengwa, chumvi itaoshwa na mvua za miaka miwili mitatu, naye atarudi kulima kwao badala ya kubeba mizigo ya watu mpaka mgongo uvunjike.

"Na wakituuliza?"

"Nani atauliza? Mwandishi ni mimi."

Alizunguka Likombe na Mtawanya siku mbili. Wengine walikataa. Mmoja alimfukuza, akisema hataki kusikia habari za bonde lililomla ng'ombe wake. Lakini Silvio alikubali, na mkewe, na wengine kumi na wawili. Walikuja na mikeka, wakalala siku sita katika nyumba zao zilizobomoka, wakaanika nguo, wakawasalimia jirani kwa sauti. Conceicao aliwaandika kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko uleule mzuri aliofundishwa shule ya msingi.

Mustafa alilishika daftari mbali na uso, kama wafanyavyo wenye macho yaliyochoka. Kwenye ukurasa wa mwisho alikawia. Kidole chake kilishuka jina hadi jina.

"Hawa wamerudi?"

"Wamerudi."

"Wamerudi kweli, mama Vania?"

"Mwenyekiti, tuta likijengwa watarudi kweli."

Mustafa alilitazama bonde muda mrefu. Kisha akaupulizia muhuri pumzi ya moto, akagonga.

Siku ya kura watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Jesca alitaka kura ya siri, alikuwa amekuja na sanduku, lakini mkutano ulikataa. Wapange mstari, walisema, kila mtu aonekane, wasije wakaibiana. Picha mbili zilibandikwa kwenye ukuta wa darasa la tatu, moja ya tuta, moja ya bomba linalotoa maji.

Kabla ya kupanga mstari kila upande ulipewa nafasi ya kusema. Mustafa alisema maneno machache, akaonyesha kwa mkono mahali nyumba yake ilipokuwa. Kwa Mlimani alisimama mzee Shabani, mkulima wa korosho na mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Alikuwa mrefu, mwenye kusema polepole.

"Mwanamke akienda kujifungua kwenye zahanati yetu anaambiwa aje na ndoo tatu za maji," alisema. "Ndoo tatu, na mimba ya miezi tisa. Sina la kuongeza."

Wakapanga mstari. Jesca alihesabu mwenyewe, akigusa kila bega, akarudia kuanzia mwisho. Kisima, mia moja ishirini na nne. Tuta, mia moja thelathini na moja.

Wanawake wa Bondeni hawakupiga vigelegele. Walikaa chini mchangani kama watu waliofika kutoka mbali, na mmoja wao akaanza kulia kwa sauti ndogo.  Conceicao alimtafuta Silvio kwa macho, akamwona ameinamisha kichwa.

Mzee Shabani naye alikuwa anamtazama Silvio.

"Huyu kijana," alisema, bila kupaza sauti, "alinibebea magunia mjini wiki tatu zilizopita. Nilimuuliza anakaa wapi. Akaniambia Likombe, na mke wake, miezi sita sasa."

"Nilikuwa huko kwa kibarua tu," Silvio alisema. "Kwangu ni hapa."

"Na wengine ninaowaona kwenye mstari huo? Wote walikuwa kwenye kibarua?"

Makelele yalianza. Mtu wa Mlimani alisema wa ng'ambo warudi ng'ambo, na kijana wa Bondeni akamvamia, wakatenganishwa shati likiwa limechanika. Jesca alifunga mkutano. Kesho yake Shabani alipeleka barua ya malalamiko ofisi ya kata.

Wiki mbili zikaanza kuhesabiwa. Jesca aliwaita wale kumi na wanne wa ukurasa wa mwisho, mmoja mmoja, na kila mmoja aliapa ni mkazi wa Bondeni. Daftari liliwaunga mkono, lina majina na lina muhuri. Shabani hakuwa na ushahidi zaidi ya maneno aliyoyasikia mjini, lakini hakuiondoa barua yake. Siku zilipita hivyo. Bondeni watu walikesha wakimlaani Shabani, na Mlimani wakiwalaani wao, na visimani, njiani, dukani, hakuna aliyemsalimia wa upande wa pili.

Jumatatu ya wiki ya pili Jesca alifika kwa Conceicao peke yake, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwandiko wa lile daftari ni wako."

"Ni wangu."

"Sikuulizi kitu leo. Nimekuja kukuambia siku tu. Ijumaa saa nane mchana nafunga faili. Kama bado kuna barua ya malalamiko, kijiji kinatoka. Sitaki, lakini ndivyo itakavyokuwa. Mvua zitakuja na hamtakuwa na tuta, na wao hawatakuwa na kisima."

"Fedha haziwezi kugawanywa? Tuta dogo, na kisima kifupi?"

"Niliuliza siku ya kwanza, mama. Haziwezi."

Jumatano Conceicao alipanda Mlimani. Hakuwa amewahi kuingia kwenye uwanja wa Shabani isipokuwa siku moja, mwezi wa saba, alipokuja kwenye mazishi ya mkwe wa mzee huyo. Alimkuta mzee anaanika korosho juani, akizigeuza kwa kiganja.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee Shabani."

"Marahaba, mama Vania. Karibu, vuta kigoda."

Hakuvuta kigoda. Alibaki amesimama na mikono kifuani.

"Nimekuja kukuomba uiondoe barua."

"Nikiiondoa itakuwaje?"

"Tuta litajengwa. Mwakani fedha zikija tena, sisi sote wa Bondeni tutasimama mstari wa kisima. Naapa mbele ya Mungu."

"Mwakani," Shabani alisema. Aliokota korosho iliyooza akaitupa. "Ulikuja kumzika mkwe wangu. Nilikuona, na nilishukuru. Ulisikia alikufaje?"

"Nilisikia ni uzazi."

"Alifika zahanati saa tano asubuhi, na ndoo moja. Nesi akasema moja haitoshi. Mwanangu Baraka akapanda baiskeli kutafuta maji. Ulikuwa wakati ule visima vyote vya karibu vimekauka, akaenda mbali. Aliporudi na madumu, mtoto ameshazaliwa na mama yake anatokwa damu, na nesi anamfuta kwa kanga kavu." Aligeuza korosho chache. "Sisemi maji yangemponya. Nesi mwenyewe hajasema hivyo. Lakini Baraka kila siku anaipima ile safari. Angepita njia ile nyingine. Angeomba pikipiki. Simwoni akiiacha."

 Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa analia, na sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inambembeleza.

"Ningekuwa Bondeni ningefanya ulivyofanya," Shabani alisema. "Pengine ningeandika majina thelathini. Lakini sikai Bondeni."

"Kwa hiyo tukose wote?"

"Jina la Silvio nani ameliandika, mama Vania? Mimi?"

Aliteremka mlima bila kuona njia. Alikuwa amekwenda kuomba, na akilini mwake alikuwa amejiandaa kwa matusi, matusi angeyamudu. Alipofika nyumbani alijaribu kuzirudia hesabu zake kwa namna nyingine. Akinyamaza, Shabani hataondoa barua, na Ijumaa wote wanakosa. Akisema, Mlimani wanapata maji, na Bondeni wanakosa vilevile. Kwa Bondeni hakukuwa na njia. Alikuwa ameitafuta mchana na usiku, hata kwa uongo, na haikuwepo.

Alhamisi alimwambia Vania.

"Watakuchukia," Vania alisema. "Wote. Wa kule kwa kuwa ulidanganya, wa hapa kwa kuwa ulisema."

"Najua."

"Na mwenyekiti? Muhuri ni wake. Watamvua uenyekiti."

"Nitasema hakujua."

"Lakini alijua."

"Alijua," Conceicao alisema. "Nitasema hakujua."

Ijumaa mkutano ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Watu walikuwa wamechoka. Jesca aliuliza kama kuna yeyote mwenye neno kabla hajafunga faili, na Conceicao akasimama, akaomba daftari. Alilifungua ukurasa wa mwisho. Vania alikuja kulishika upande mmoja.

"Haya majina kumi na manne niliyaandika mimi," alisema. "Hawa watu walihama. Niliwafuata mjini nikawaomba waje. Hawakunifuata wao, niliwafuata mimi."

Akayasoma. Alisoma jina moja moja, na la kwanza lilikuwa la Silvio. Silvio alikuwa ameketi mbele. Dada yake alipofika jina la tatu aliinuka, akajipangusa vumbi, akaondoka uwanjani bila kugeuka. Mwanamke wa Bondeni alisema kwa nguvu, "Mama Vania, nyamaza, unatuua." Conceicao aliendelea mpaka la kumi na nne.

"Mwenyekiti Mustafa hana kosa," alimalizia. "Alinikabidhi daftari kwa kuwa macho yake yamechoka. Hakujua alichogongea muhuri."

Kicheko kilitoka upande wa Mlimani. "Mwenyekiti gani hajui kilichomo kwenye daftari lake?" mtu aliuliza, na wengine wakacheka pia, hata baadhi ya vijana wa Bondeni. Mustafa alitazama miguu yake. Conceicao aliuona uso wake ukibadilika, akaelewa kwamba alikuwa amemwokoa na kosa akamtia kwenye aibu, na kwamba mzee yule angechagua kosa.

Jesca aliwatoa wale kumi na wanne kwenye hesabu. Tuta likabaki na mia moja kumi na saba. Aliwaambia watu wa Mlimani kwamba kisima ni chao, na aliposema hivyo sauti yake haikuwa na furaha. Watu wachache walipiga makofi, wakaacha. Conceicao alipewa barua ya onyo, akaisaini mahali alipoonyeshwa.

Miezi iliyofuata Bondeni ilimtenga. Hakuna aliyemtukana. Jirani aliyekuwa akishirikiana naye kinu alikuja kukichukua bila kusema neno. Silvio alipiga simu mara moja tu. "Dada, mimi nilikuwa nimeshakaa na umaskini wangu Likombe, umetulia," alisema. "Ulinifuata mwenyewe ukanipa matumaini, halafu ukasimama mbele za watu ukaniita mwongo." Akakata kabla hajajibiwa. Mustafa hakumsalimia tena. Wakikutana njiani, mzee alikuwa anakaa pembeni na kusubiri apite, kama mtu anavyompisha ng'ombe.

Mwezi wa kwanza mtambo wa kuchimba ulipanda Mlimani, na mwezi wa pili maji yakatoka. Yalikuwa matamu. Bondeni nao waliruhusiwa kuchota, na Conceicao, ambaye kisima chake hakikuwa na la kumpa, alipanda na ndoo mara mbili kwa siku. Wanawake wa Mlimani walipomwona walisogea wakampa nafasi ya mbele kwenye foleni. Hakuna kitu kilichomuuma kama nafasi ile. Alitamani mmoja wao amsukume.

Alikuwa amepanda mpunga hata hivyo, majaruba matatu ya juu. Na mvua zilipokatika kidogo, yeye na Vania walianza kukiinua kile kijituta cha zamani kwa majembe na mifuko ya mchanga. Walifanya kazi hiyo wiki tano, asubuhi hadi jua kali. Watu walipita na majembe yao wakielekea porini, wakatazama, wakaendelea na safari. Wengine walikuwa na hasira. Wengi hawakuwa na nguvu wala imani ya kubeba mchanga. Mama na binti waliinua hatua arobaini. Kijituta chote kilikuwa na hatua zaidi ya elfu moja.

Bamvua la mwezi wa tatu lilikuja mchana, jua likiwaka, bila upepo wowote. Conceicao alikuwa amesimama juu ya kipande alichokijenga. Kilistahimili. Maji yalifika mbele yake, yakasimama, kisha yakasogea kando mpaka mahali mifuko ilipoishia, yakapita hapo taratibu. Baada ya muda yalikuwa nyuma yake. Mpunga ulikuwa umefika magotini, wa kijani kibichi, na aliutazama ukizama majani yakiwa yamesimama wima ndani ya maji. Upande wa makaburi, msalaba wa Fernando ulilala polepole, ukaelea.

Vania aliuendea maji yakiwa yamemfika kifuani, akaurudisha. Conceicao hakumwita wala hakumzuia. Alikuwa amekaa chini juu ya mifuko, miguu ndani ya maji, na alikaa hivyo mpaka yalipoanza kurudi.

"Tuondoke," alisema usiku ule, kabla bintiye hajamwambia.

Siku ya tatu alikuja Baraka, yule mwana wa Shabani, akiwa amembeba mtoto wake kifuani kwa kanga kama mwanamke, na hakuona haya. Alisema baba yake anayo sehemu ya kiwanja mwisho wa mikorosho, haina mtu. Si zawadi, alisisitiza, maana ndivyo alivyotumwa kusema. Watapalilia mikorosho, watavuna kwa mgao. Conceicao alitaka kukataa. Alimtazama Vania, mikono yake ilivyopasuka, akajibu kwamba wanashukuru.

Walibomoa nyumba kwa siku mbili. Kilichofaa kuchukuliwa kilikuwa mabati kumi na manane, milango miwili, sufuria, msalaba. Kuta waliziachia maji. Asubuhi ya siku ya kuhama Vania alitangulia na mzigo wa vyombo, na Conceicao akabaki na mabati. Alifunga mawili pamoja kwa kamba, akayaweka kichwani juu ya ngata. Alikwenda hivyo mara tatu mpaka Mlimani na kurudi. Safari ya nne upepo ulianza. Ulikuwa unayashika mabati kutoka pembeni, ukimgeuza mzima mzima, na katikati ya mwinuko alishindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alisimama ameyashikilia kwa mikono miwili, bati limemkata kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kura alilia kwa sauti, kwa kuwa alidhani hakuna mtu.

Mabati yakawa mepesi. Mtu alikuwa ameinua upande wa nyuma.

Hakuweza kugeuka kumwona, lakini alikijua kikohozi cha mwenyekiti. Walipanda. Mustafa alikuwa anapumua kwa shida na mara mbili walisimama, kila mmoja akitazama upande wake. Walipofika waliyateremsha kwenye majani, na Vania akampa mzee maji kwenye kikombe. Aliyanywa yote, akarudisha kikombe.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza.

"Kumi," Conceicao alisema. Kisha akaongeza, "Mwenyekiti, na wewe utahama?"

"Mimi bado." Alijifuta mdomo kwa mkono. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilikuwa lilelile la siku ya mkutano. "Wako watu thelathini na tatu kule chini. Mtu wa kuwaandika ni mimi, hata kama sioni vizuri."

Conceicao alitafuta neno la kumwomba radhi, na kila alilolipata lilikuwa dogo.

"Niliwaambia hukujua," alisema mwishowe. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua ulichodhani." Mustafa alikuwa ameshageuka kuelekea bondeni. "Lete kamba hiyo. Twende kabla upepo haujazidi."

Conceicao alifunga kiganja chake kwa kipande cha kanga, akachukua kamba, akamfuata.